Diski ilisoma jana, leo haisomi: kutafuta chanzo na kuchagua diski tupu

Mzee mmoja aliingia kibandani kwangu Ngamiani, Tanga, mkononi ana DVD ndani ya bahasha ya karatasi. Ilikuwa harusi ya binti yake. Niliichoma mimi mwenyewe mwaka 2012, na mwandiko wa kalamu juu ya diski ulikuwa wangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, hii sahani yako imekufa. Mama yake anataka kuitazama, deki inaandika no disc."

Nikaigeuza kwenye mwanga. Upande wa kusomea ulikuwa safi, hauna hata mkwaruzo mmoja wa maana. Ila ukingoni kabisa palikuwa na kivuli cha rangi ya chai, kimeingia ndani kama milimita tatu, kimezunguka karibu nusu ya diski. Sikumwambia chochote kwa dakika nzima. Diski zile nilizinunua kwenye kopo la 50, kwa bei nzuri, kwa jina ambalo kila mtu sokoni alilisifia.

Nimechoma diski kwa riziki miaka mingi: harusi, kwaya, kaswida, mahafali ya shule, na nakala za akiba za wateja wasioziamini kompyuta zao. Wengi siku hizi wanataka flashi. Lakini magari mengi bado yana tundu la CD, deki bado ipo chini ya televisheni, na mtu akitaka picha za marehemu baba yake zikae mahali ambapo kirusi hakiwezi kuzifuta, bado huniuliza anunue diski gani. Siwezi kumjibu kwa jina la kampuni. Kwanza namuuliza: hiyo iliyokusumbua ilikuwa inaumwa nini?

Kabla ya yote, mashine nyingine

Usiitupe diski wala usirudi dukani kugombana kabla hujaijaribu kwenye mashine mbili zaidi, moja ikiwa kompyuta. Kisha kwenye ile deki iliyoikataa weka CD ya msanii iliyotoka kiwandani. Deki ikisumbuka hata na hiyo, shida ni lenzi chafu au leza iliyochoka.

Leza huchoka kwa mpangilio, na mpangilio huo unakupa jibu. CD ya kiwandani hurudisha asilimia 70 au zaidi ya mwanga inaoupokea. CD-R, ile ya kuchoma mara moja tu, hurudisha kama 65. CD-RW, ile ya kufuta na kuandika tena, ni kati ya 15 na 25 tu. Kwa hiyo deki inayozeeka huanza kuikataa CD-RW, halafu inachagua kati ya CD-R, leo hii kesho ile, na mwisho inakataa zote. Mteja akiniambia "CD zako mbovu, za zamani zinacheza", mara nyingi deki yake ipo hatua ya pili. Na kama alitaka muziki wa gari akanunua CD-RW ili aweze kubadilisha nyimbo, redio ya gari la zamani haitaisoma kamwe, hata iwe mpya kutoka kwenye karatasi.

Deki au redio ya gari haiitambui kabisa, ila kompyuta inaisoma

Hapa diski yenyewe huwa haina kosa. Chanzo cha kwanza, na ndicho ninachokutana nacho zaidi, ni diski isiyofungwa. Karibu na tundu la katikati kuna sehemu yenye orodha ya vilivyomo, na deki husoma hapo kabla ya kitu kingine. Ukichoma ukaacha diski wazi ili uongeze nyimbo kesho, orodha hiyo haijakamilika. Kompyuta ina ujanja wa kuisoma hivyohivyo, deki haina. Irudishe kwenye draivu, ifunge kwa programu uliyochomea, na mara nyingi inafufuka.

Cha pili ni Windows. Ukiweka diski tupu inakuuliza unataka kuitumia kama flashi au kwenye deki ya CD na DVD. Watu hubofya la kwanza kwa sababu neno flashi wanalijua. Diski ya namna hiyo huandikwa kwa mfumo ambao redio ya gari haijawahi kuusikia. Chagua la pili, kila mara, labda diski iwe ya kompyuta tu.

Cha tatu ni kuchanganya CD ya muziki na CD yenye faili za MP3. CD ya muziki hubeba dakika 80, basi, hata faili zako ziwe ndogo namna gani, kwa sababu programu huzikunjua na kuziandika upya kwa mpangilio ule wa mwaka 1980: sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, mikondo miwili. CD ya MP3 hubeba MB 700 za faili, nyimbo zaidi ya mia, ila redio isiyoandikwa MP3 usoni itaionyesha kama diski tupu au itatoa kelele.

DVD za kuchoma mara moja zipo za aina mbili, DVD-R na DVD+R, na deki za mwanzoni mwa miaka ya 2000 huichukua DVD-R kwa urahisi kuliko DVD+R. Kama umebaki na DVD+R, baadhi ya draivu zinaweza kuipa utambulisho wa DVD-ROM, yaani DVD ya kiwandani, wakati wa kuchoma, na ImgBurn, programu ya kuchomea, ina sehemu ya kupanga hilo. Deki nyingi zikiona hivyo huacha ubishi.

Kuna deki za kurekodia muziki za nyumbani, zile za kukaa mezani karibu na amplifaya, ambazo huikataa CD-R ya kawaida na kutaka iliyoandikwa "Music" au "Digital Audio". Hiyo ilitokana na sheria. Marekani walipitisha mwaka 1992 sheria ya kurekodi nyumbani iliyoweka tozo ya asilimia 3 kwenye diski tupu za muziki, na diski hizo hubeba alama ambayo deki inaitafuta. Sauti ni ileile. Kama unachomea kwenye kompyuta, usilipe zaidi kwa neno Music.

Inaanza vizuri, inaganda mwishoni

Diski huandikwa kutoka ndani kwenda nje. Mwisho wa harusi upo ukingoni, na ukingoni ndipo diski hafifu inapokuwa hafifu zaidi: rangi inayobeba taarifa imepakwa bila usawa, plastiki imepinda kidogo, gundi haijashika. Tena nje ndipo mashine hupata shida kuifuata njia ya leza diski ikiwa inayumba. Picha inayoganda dakika za mwisho kwenye kila deki ni dalili ya ukingo mbovu.

Tiba ya kesho ni kutoijaza. DVD ya GB 4.7 kompyuta huionyesha kama 4.38 (hujaibiwa, ni namna mbili za kuhesabu), nami huishia kwenye 4.1 au 4.2. CD ya dakika 80 naiachia dakika tano. Zile za dakika 90 na 99 ziachie waliozileta. Ili kupata nafasi hiyo kiwanda hubana njia ya leza kuliko kiwango kinavyoruhusu, na utakuta draivu moja inaisoma na jirani yake inaikataa.

Stika ya karatasi juu ya diski nayo huleta dalili hiihii. CD inayosomwa kwa 52x (mara 52 ya kasi ya kuchezea muziki) huzunguka karibu mara 10,000 kwa dakika. Stika iliyobandikwa milimita mbili upande mmoja inatosha kuitikisa, na joto la draivu likikausha gundi karatasi huvutana na kuipinda. Nimewahi kuibandua stika ya kwaya moja ikatoka na utando wa fedha wa diski, nyimbo zote zimebaki kwenye karatasi. Andika kwa kalamu yenye wino wa maji, au nunua diski zenye uso mweupe wa kuchapia.

Inakataa kuchomwa, au inafeli katikati

Ikifeli moja, inawezekana ni bahati mbaya. Zikifeli tatu za kopo moja, simama. Choma ya kopo jingine kwenye draivu hiyohiyo. Ikipita, kopo la kwanza na draivu yako haviivani, na kutoivana ndiyo lugha sahihi, kwa sababu draivu hubeba ndani yake maelekezo ya namna ya kuchoma kila aina ya diski anayoijua. Diski ikitoka kiwandani baada ya draivu kutengenezwa, draivu hukisia. Programu ya ndani ya draivu ikiweza kusasishwa, isasishe.

Kasi nayo. Mafundi wengi wanaamini polepole ndiyo salama, wanashusha mpaka 4x au hata 1x. Ilikuwa kweli kwa diski za zamani. Diski ya leo ya CD-R 52x au DVD 16x rangi yake imetengenezwa kwa mpigo mkali na mfupi wa leza, na ukiichoma polepole mno unaweza kupata makosa mengi zaidi. Mimi CD huchoma kwa 16x hadi 24x, DVD ya 16x huchoma kwa 8x. Kasi ya juu kabisa iliyoandikwa kwenye kasha naichukulia kama kasi ya juu kabisa kwenye dashibodi ya gari.

Draivu za nje za USB hufeli sana kwa umeme kidogo. Kabla hujailaumu diski, iunganishe moja kwa moja kwenye kompyuta, si kupitia kigawanyio.

Kimya au mkwaruzo kati ya nyimbo

Kimya cha sekunde mbili katikati ya taarabu iliyorekodiwa ukumbini hutokana na kuchoma wimbo mmoja mmoja. Chagua kuchoma diski nzima kwa mkupuo, na weka nafasi kati ya nyimbo kuwa sifuri. Mkwaruzo ndani ya wimbo, kila mara mahali palepale, sikiliza kwanza faili yenyewe kwenye kompyuta. Mara nyingi upo humo tangu ulipoipakua.

Ilisoma miaka, sasa haisomi

Huyu ndiye mgonjwa wa yule mzee, na hapa ndipo ubora wa diski unapojitenga na mengine yote.

CD-R ni plastiki ya unene wa milimita 1.2. Juu ya plastiki kuna rangi, juu ya rangi utando wa madini unaorudisha mwanga, juu ya madini vanishi nyembamba, na basi. Leza ya kuchomea huunguza rangi, hapa na pale. Angalia mpangilio huo tena: muziki wako upo chini kidogo tu ya upande unaoandika jina. Watu hulinda upande wa chini kama yai, halafu wanalaza upande wa juu mezani na kuuchanja kwa kalamu ya ncha. Mkwaruzo wa chini unaweza kung'arishwa. Ukiuchana wa juu, madini yameondoka na hakuna cha kurudisha. DVD ni tofauti, ni vipande viwili vya milimita 0.6 vilivyogandishwa, na taarifa ipo katikati kama nyama kwenye sambusa. Mikwaruzo ya juu haiitishi, lakini gundi ya ukingoni ikifunguka unyevu unaingia. Kivuli cha rangi ya chai kwenye harusi ya mzee kilikuwa hicho.

Rangi zenyewe ni za koo tatu. Sayanini ndiyo ya kwanza, Taiyo Yuden wa Japani walipoibuni CD-R mwaka 1988. Inachomeka kwa urahisi ila haipendi mwanga. Thalosayanini ni hafifu kwa macho, karibu haina rangi, na inastahimili mwanga vizuri zaidi. Azo ni ya buluu iliyokolea, ya Mitsubishi, ndiyo iliyowapa sifa Verbatim, iliyokuwa chapa yao ya diski. Usinunue kwa kuangalia rangi ya chini peke yake, maana unachokiona ni mchanganyiko wa rangi na madini, na viwanda vinaweza kutia rangi ya urembo. Diski nyeusi za kupendeza ni plastiki iliyotiwa rangi tu.

Madini ni fedha, mara chache dhahabu. Fedha huliwa na salfa, ile inayotoka kwenye karatasi duni, mpira na moshi. Dhahabu hailiwi. Taasisi ya uhifadhi ya Kanada huiweka CD-R ya dhahabu yenye thalosayanini kwenye zaidi ya miaka 100 ikitunzwa vizuri, na ni ghali ipasavyo.

Ikitunzwa vizuri. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwaka 2003, unataka nyuzi 4 hadi 20 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Sisi wa Tanga, Mombasa na Unguja nyuzi 20 ni za alfajiri ya Julai, na unyevu wa 50 ni wa kusimuliwa. Mwaka 2001 watafiti wa Hispania walieleza habari za kuvu wa jamii ya Geotrichum waliotafuna CD iliyotoka Belize, nchi ya joto na unyevu kama kwetu. Si jambo la kila siku, ila ukiona michirizi kama mizizi ndani ya diski, si mikwaruzo, usihangaike kuisugua.

Kwa hiyo pwani: kasha gumu la plastiki badala ya bahasha ya karatasi, diski zisimame wima kama vitabu, kabati lisigusane na ukuta wa nje, kopo lenye mfuniko na vifuko vya kufyonza unyevu ndani. Usiache CD kwenye dashibodi ya gari. Jua la mchana mmoja kwenye kioo cha mbele hufanya kazi ya miaka. Ukizisafisha, futa kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda nje, kamwe kwa kuzungusha. Mfumo wa kurekebisha makosa wa CD unaweza kufidia pengo la kama milimita 2.5 kwenye njia ya leza. Mkwaruzo unaokata njia huliacha pengo dogo. Mkwaruzo unaofuata njia huifuta sentimita nzima kwa mkupuo.

Kununua kopo jipya

Jina kwenye kasha ni la aliyeliagiza kasha. Viwanda vinavyotengeneza diski ni vichache sana, na kila mwaka vinapungua. Taiyo Yuden walifunga biashara hii mwishoni mwa 2015, na CMC Magnetics wa Taiwani wakachukua mitambo yao. Mwaka 2019 CMC haohao wakainunua Verbatim kutoka Mitsubishi. Panasonic waliacha diski tupu za Blu-ray mwaka 2023, na Sony wakafunga zao Februari 2025. Kwa hiyo ukisimama mbele ya makasha matano ya rangi tano huenda unatazama diski ileile, mchele mmoja mapishi mbalimbali. Na kinyume chake pia hutokea: kasha lile ulilolisifu mwaka jana, leo ndani yake kuna diski ya kiwanda kingine. Hata ndani ya jina moja kuna madaraja. Verbatim walikuwa na zilizoandikwa AZO na zilizoandikwa Life Series, na hazikuwa kitu kimoja.

Kinachosema ukweli zaidi ni kodi, yaani alama ya utambulisho wa kiwanda, iliyochongwa kwenye diski yenyewe kabla haijachomwa. Weka diski tupu kwenye draivu, fungua ImgBurn, tazama upande wa kulia. Kwenye DVD utaona kitu kama MCC 03RG20, ambayo ni ya Mitsubishi, au CMC MAG, au TYG03 ya Taiyo Yuden. Kwenye CD-R kodi ni muda: 97m24s ni Taiyo Yuden, 97m26s ni CMC, 97m34s ni Mitsubishi. Andika kodi ya kila kopo unalonunua kwenye daftari pamoja na mwezi. Baada ya miaka mitatu daftari hilo litakuambia zaidi ya muuzaji yeyote.

Lakini kodi hughushiwa. Kuna walionakili kodi za Taiyo Yuden wakazichonga kwenye diski duni, kwa hiyo kodi nzuri kwenye diski ya bei ya kutupa si habari njema. Nunua moja au mbili kwanza, muuzaji akikubali kufungua kopo. Itazame ukingoni: vanishi ya CD-R inatakiwa ifike hadi mwisho na rangi isifike. Iinue kwenye taa. Mwanga hafifu wa taa kupita ndani ni wa kawaida hata kwa diski nzuri, ila vitundu vidogo vyenye kung'aa kama nyota, irudishe. Mapovu, alama za vidole zilizo ndani, harufu kali ya kemikali ukifungua kopo, rudisha.

Kisha ichome na uipime. Programu nyingi zina sehemu ya kuhakiki baada ya kuchoma. Iwashe hata kama inachukua muda uleule mara mbili. Ukiwa na draivu inayoweza kuhesabu makosa, programu za Opti Drive Control au Nero DiscSpeed kwa Windows na QpxTool kwa Linux zitakupa picha. Kwenye CD, makosa ya daraja la kwanza, C1, lazima yawepo, na kiwango kinaruhusu hadi wastani wa 220 kwa sekunde, ingawa diski nzuri huwa chini mno ya hapo. Ya daraja la pili, C2, yawe sifuri. Kwenye DVD, makosa ya aina ya PIE, yale ya daraja la kwanza, yasizidi 280 kwa kila bloku nane za taarifa. Usilinganishe namba za draivu yako na za rafiki yako, kila draivu huhesabu kwa namna yake. Na kama draivu haihesabu, pima kasi ya kusoma kutoka mwanzo hadi mwisho. Mchoro ukipanda kwa ulaini, vizuri. Ukiporomoka ghafla karibu na mwisho, umeuona ule ukingo kabla mteja hajauona.

Kopo tupu nalo huzeeka. NIST wanakadiria miaka 5 hadi 10 kwa diski ambayo haijachomwa, kwa hiyo shehena ya zamani iliyogunduliwa nyuma ya stoo, hata iwe ya Japani, jaribu kabla ya kulipia yote.

Kwa muziki wa gari, diski yoyote iliyopita majaribio haya inatosha, ikichakaa utachoma nyingine. Kwa nakala za akiba mimi ni mkali. Sitegemei CD-RW wala DVD-RW. Natumia BD-R, yaani diski tupu ya Blu-ray, ya GB 25 mteja akiwa na draivu yake, kwa sababu ya kawaida haina rangi ya kikemikali inayofifia. Zile zilizoandikwa LTH zina rangi hiyo, ziache. Kuna pia M-DISC, yenye tabaka gumu mithili ya jiwe, ila ya DVD inahitaji draivu yenye leza ya nguvu ya kutosha kuichoma. Chochote utakachochagua, choma mbili kutoka viwanda viwili tofauti, weka moja nyumba nyingine, andika hashi ya SHA-256 ya kila faili (namba ya kuhakiki kwamba faili haijabadilika) ndani ya diski yenyewe, na ukumbuke kuzisoma zote mara moja kwa mwaka. Programu ya dvdisaster inaweza kukutengenezea faili ya kurekebisha, unayoiweka mahali pengine, ikaziba mapengo diski ikianza kuoza.

Imeshakufa, na hakuna nyingine

Usiendelee kuijaribu kwenye deki. Kila jaribio huipasha joto na kuizungusha bure. Ipeleke kwenye kompyuta, ivute yote kama picha moja ya diski kwa ddrescue, programu ya kuokoa taarifa, ambayo husoma panaposomeka, huruka panapokataa, na kuandika kwenye faili ndogo ni wapi palibaki. Halafu hamishia diski kwenye draivu nyingine na uendelee na faili hiyohiyo. Draivu hazifanani macho: asichokiona huyu, yule anakiona. Draivu za zamani za kompyuta za mezani, nene na nzito, ndizo ninazozitunza kwa kazi hii.

Harusi ya mzee ilichukua siku mbili. Draivu ya kwanza ilileta nusu. Ya pili, ya kompyuta chakavu niliyoinunua kwa kilo, ikaongeza mpaka bibi harusi anaingia ukumbini. Ya tatu ikajaza vipande vilivyobaki, isipokuwa dakika nne za mwisho ukingoni kabisa, pale kwenye kivuli. Nilimchomea mbili mpya, moja kutoka kila kopo, nikaziandika tarehe na kodi zake. Aliziangalia hapohapo kwenye deki yangu, amesimama, kofia mkononi, hadi picha ilipokatika katikati ya watu wakikata keki.

"Keki aliila nani basi?" akauliza, kisha akacheka na kuomba mfuko.